Themostati ya Chumba cha Mama

Daktari alisema mengi siku ile, ila nililolishika ni moja: chumba cha mama kisipate joto. Mama alikuwa amevuka miaka sabini. Moyo wake ulikuwa umechoka, miguu ilimvimba hadi viatu havimwingii, na kila asubuhi alimeza kidonge cha kumkojoza ili maji yapungue mwilini. Novemba ya Mahajanga, pwani ya Madagaska, kabla mvua hazijaanza, si mwezi wa mtu wa hali hiyo. "Nyuzi ishirini na tano," alisema daktari. "Ishirini na sita mwisho."

Mimi ni fundi wa mafriji na viyoyozi. Kazi niliianzia katika kiwanda cha barafu bandarini Andoany, kisiwani Nosy Be, kisha nikasoma ufundi Mombasa miaka miwili, na ndiko nilikookota Kiswahili hiki ninachoandikia. Nyumbani kwetu tulisema Kikomori, na nje tulisema Kimalagasi. Familia yetu ilihamia Nosy Be kutoka Mahajanga katika miaka ya sabini, mimi nikiwa mtoto. Baba alizikwa huko. Miaka mingi baadaye mama alitangaza kwamba anarudi Mahabibo, mtaa wa Mahajanga aliozaliwa, na hakuna aliyethubutu kumpinga. Dada yangu, ambaye ni mwalimu, akahamia naye. Mimi nilibaki Nosy Be na hoteli za Ambatoloaka nilizozihudumia.

Kwa hiyo daktari aliposema neno baridi, niliona limeanguka mikononi mwa mwenyewe. Sikuwa na shaka hata kidogo. Hoteli moja niliyoihudumia ilikuwa inavunja ukumbi wake, na mwenye hoteli akaniachia kiyoyozi kizuri pamoja na themostati yake, kile kidude cha ukutani kinachoiamuru mashine iwake au izime. Hii haikuwa ya kuzungusha kwa kidole kama zile za zamani. Ilikuwa na kioo cha kugusa, ukubwa wa kiganja, na unaweza kuipangia kila siku ya wiki: saa hii joto hili, saa ile joto lile. Mimi mwenyewe ndiye niliyeifunga ukumbini miaka kadhaa nyuma na kuipangia saa zake.

Nilirudi Mahabibo na mashine hiyo siku ya Ijumaa, baada ya sala. Ijumaa hiyo na Jumamosi nilitoboa kuta, nikapitisha mabomba, nikafunga nyaya tano ndogo nyuma ya themostati, kila rangi mahali pake. Kisha nikaziba chumba. Madirisha ya mbao niliyapigilia mipira pembeni, nafasi chini ya mlango nikaiwekea kitambaa, na tundu za hewa karibu na dari nikazijaza. Baridi ikishaingia isipate pa kutokea.

Nilipowasha umeme kioo kikang'aa buluu. Kiliniuliza lugha, nikachagua Kifaransa. Kikauliza saa na tarehe, nikajaza. Mama alikuwa amekaa kitandani, tasbihi mkononi, akinitazama.

"Kinasema nini?" aliuliza. Mama alisoma herufi za Kiarabu, za Kifaransa hakuzijua.

"Kinasema kiko tayari. Wewe usikiguse, mama. Na madirisha usiyafungue, baridi itapotea."

"Sikigusi."

Jumamosi jioni hadi usiku kucha chumba kilikaa nyuzi ishirini na tano kamili. Jumapili pia. Mama alilala mchana kutwa kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, na dada yangu alisimama mlangoni akiutazama usingizi ule kama mtu anayetazama mvua.

Jumapili alasiri nilimalizia mpangilio. Nilikuwa nimeziandikia Jumamosi na Jumapili nyuzi ishirini na tano kutwa, na sasa nikabonyeza pa kunakili ili siku tano za kazi zifuate hivyo hivyo. Simu yangu ikalia. Ilikuwa hotelini Ambatoloaka: vyumba sita havina baridi, wageni wanapiga kelele, unarudi lini? Nilitoka uani kuwajibu, nikabishana nao dakika kadhaa. Niliporudi, kioo kilikuwa kwenye ukurasa wake wa mwanzo kikionyesha ishirini na tano. Nikaridhika. Kisha, kwa kuwa watoto wa jirani walikuwa wanaingia na kutoka, nikakifunga kwa namba nne za siri.

"Nipe na mimi hizo namba," alisema dada.

"Za nini? Hakuna cha kugusa pale."

"Nikae na mgonjwa na kitu nisichoweza hata kukizima?"

"Nitakupa nikija tena," nikamwambia. Nakumbuka nilitabasamu niliposema hivyo.

Jumatatu alfajiri nilimbusu mama mkono, nikapanda ndege ndogo ya Nosy Be. Kabla ya adhuhuri nilikuwa tayari juu ya ngazi kule Ambatoloaka. Viyoyozi vya vyumba vile sita nilivitengeneza, na kilichobaki kilikuwa themostati ya ofisi, ndugu wa ile ya mama, chapa ile ile. Meneja alitaka ibadilishiwe saa. Nikaanza kuipangia. Jasho likaniingia machoni, nikashuka kutafuta kitambaa, nikajifuta, nikanywa na maji. Niliporudi, kioo kilikuwa kimerudi kwenye ukurasa wa mwanzo, na kila nilichokuwa nimekiandika kilikuwa kimefutika.

Ndivyo zilivyo. Ukiiacha kidogo bila kuigusa, na hujabonyeza pa kuhifadhi, inadhani umeghairi. Nilikuwa nalijua hilo kwa miaka.

Nikasimama pale na kitambaa mkononi. Jumapili sikubonyeza pa kuhifadhi. Nilinakili, simu ikalia, nikatoka uani. Basi siku tano za kazi zilikuwa bado na mpangilio wa zamani, ule nilioandika mwenyewe kwa ajili ya ukumbi wa hoteli, uliokuwa ukitumika jioni na mwisho wa wiki tu. Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, hakuna watu, mashine isiwake mpaka chumba kifike nyuzi thelathini na tano.

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na robo mchana. Mama alikuwa amekaa saa tano ndani ya chumba nilichokiziba kwa mikono yangu, na nilikuwa nimemwambia asifungue dirisha.

Nilimpigia. Simu ikaita hadi ikakata. Nikapiga tena, ikaita hadi ikakata. Simu ya dada ilikuwa imezimwa, maana alikuwa darasani. Meneja akaniuliza kama nimemaliza, sijui nilimjibu nini. Vidole vyangu vilikuwa vinapita juu ya majina kwenye simu bila kuyasoma. Ndipo nikakuta namba ya fundi saa, jirani yetu wa Mahabibo, ambaye kibanda chake kinatazamana na mlango wa mama.

"Kaka," nikamwambia, "nenda kwa mama sasa hivi. Kimbia. Afungue madirisha, anywe maji."

Hakuuliza kitu. Nilimsikia akiburuta kiti, nikasikia pikipiki ikipita, kisha ngumi zake juu ya mlango. "Koko! Koko, fungua!" Koko ni bibi kwa Kikomori, na mtaa mzima ulimwita hivyo. Akagonga tena kwa nguvu zaidi.

"Umefungwa kwa ndani," akaniambia. "Simu yake naisikia inalia humo ndani, mtu hajibu. Nivunje?"

"Unasikia chochote kingine?"

Akatega sikio. "Nasikia kama mtu anasogea. Halafu kimya."

Hapo nikaelewa, na nikazidi kuogopa. Tulipokuwa bado Mahajanga, katika zile siku ambazo Wakomori kama sisi walikuwa wakisakwa nyumba kwa nyumba, baba alitufungia ndani. Madirisha yalifungwa, moto haukuwashwa. Mama alitukalisha mimi na dada chini ya kitanda na kutuonya kwamba mlango ukigongwa tusipumue kwa sauti. Uligongwa kweli, kwa magongo. Mwanamke mmoja Msakalava, kabila la wenyeji wa pwani ile, jirani yetu, alisimama nje akawaapia kwamba nyumba haina watu, wameshahama. Ndivyo tulivyopona, na siku chache baadaye tukaondoka kwa njia ya bahari. Tangu wakati huo mama hakumfungulia mlango mtu anayegonga kwa nguvu. Sisi wanawe tuliita kwa upole kupitia dirishani. Wageni walidhani ni mazoea ya uzee.

"Acha kugonga," nikamwambia fundi saa. "Usivunje, atakufa kwa hofu. Weka simu yako sauti ya juu, uiegemeze kwenye dirisha la kitandani kwake."

Nikasikia mbao ikigusana na simu. Nilikuwa nimesimama katika ofisi ya watu, wageni wanapita na taulo mabegani, nami nikaanza kusema kwa Kikomori, taratibu, kwa sauti niliyotumia utotoni nikitoka chuo cha Kurani.

"Mama. Ni mimi mwanao. Niko hapa dirishani. Hakuna mtu mbaya. Fungua, mama."

Sikusikia komeo likisogea.

"Mama, nimekosea. Ile mashine nimeipanga vibaya. Inuka taratibu, ushike kitanda. Fungua dirisha."

Sijui nilirudia mara ngapi. Baadaye fundi saa aliniambia zilikuwa dakika mbili, na mimi sikumbishia, ingawa sizikumbuki kama dakika mbili. Kisha nikasikia komeo likigwaruza.

"Yuko!" alipiga kelele. "Yuko hapa! Ya Rabi, joto gani hili, kama tanuri la mkate."

Fundi saa aliruka dirisha, akamfungulia mlango mkewe aliyekuwa amemfuata. Mama alikuwa amekaa sakafuni chini ya dirisha, ngozi yake kavu na ya moto, maneno yake hayafuatani. Nikawaambia wamnyweshe maji kidogo kidogo, wamweke vitambaa vya maji shingoni na kwapani. Mke wa fundi saa alimlowesha kisha akakimbia kutafuta bajaji ya kumpeleka hospitali.

"Na hii mashine?" fundi saa akauliza. "Hewa ya nje nayo ni moto."

"Gusa kioo. Kitakuomba namba. Saba, saba, moja, tisa."

"Hakinisikii."

"Futa kidole kwenye shati, una jasho. Saba. Saba."

"Moja. Tisa. Kimefunguka. Kuna maneno mengi."

"Tafuta mshale unaoelekea chini. Ubonyeze mpaka namba isome ishirini na tano. Chini yake kuna picha ya kufuli au mkono. Ishike, usiiachie, ili namba isirudi thelathini na tano."

Mtu yule alikuwa amezoea kushika skrubu ndogo kuliko punje ya mtama, lakini nilimsikia akihesabu kila mbonyezo kwa sauti. Kisha nikasikia mashine yangu ikinguruma. Nikaketi sakafuni pale ofisini, mbele ya meneja, nikalia.

Mama alilazwa siku nne. Walimtundikia maji ya mshipani kwa hadhari kubwa, maana yakizidi moyo nao ungelemewa. Niliwasili hospitalini kesho yake. Dada alikuwa kwenye benchi nje ya wodi, amevaa gauni alilokwenda nalo kazini jana yake.

"Nilikuomba namba," alisema.

"Najua."

"Nilikuomba, ukacheka."

Alinigeuzia mgongo, na wiki nzima alizungumza nami kupitia kwa wengine. "Mwambieni chakula kipo." Nilikula chakula hicho peke yangu uani.

Mama naye alinishangaza. Siku aliporudi nyumbani nilikuwa nimeshika bisibisi, nataka kuing'oa themostati na kufunga swichi ya kawaida. Akanizuia.

"Kwa nini hukuinuka ukafungua dirisha, mama?" nilimuuliza.

"Uliniambia nisifungue," alisema. "Nilidhani baridi inakuja. Mchana ulipopanda kichwa kikawa kizito, nikasema nitakwambia jioni." Kisha akasogeza miguu yake akakaa sawa. "Usiing'oe. Nionyeshe."

Nikaondoa ile namba ya siri. Nikamwita dada pia, naye akaja, akasimama mbali kidogo, mikono kifuani. Niliwaonyesha namba kubwa ya katikati, ndilo joto la chumba sasa hivi, na namba ndogo pembeni, ndilo joto tunaloliomba. Mshale wa juu, mshale wa chini. Siku zote saba nikaziandikia upya moja moja, nisinakili chochote, na kila moja nikabonyeza pa kuhifadhi huku dada akinisomea kwa sauti ya mwalimu: "Jumatatu, umehifadhi? Jumanne, umehifadhi?" Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu. Tundu mbili za karibu na dari nikazizibua.

Sikuondoka hadi Jumatatu ipite. Asubuhi hiyo tulikaa watatu kitandani kwa mama, dada amechelewa kazini kwa makusudi. Saa mbili kasoro dakika moja sote tulikuwa tunakitazama kioo. Kioo kikabadilika, saa mbili kamili. Namba kubwa ikabaki ishirini na tano. Saa mbili na dakika kumi, ishirini na tano. Mashine ikazima, ikapumzika, ikawaka tena. Dada akashusha pumzi, akachukua mkoba wake, na alipokuwa anapita akanigusa bega.

Mama alingoja mpaka mlango ufungwe. Kisha aliinuka, akashika ukuta, akabonyeza mshale wa juu mara moja.

"Mama, daktari alisema ishirini na tano."

"Alisema ishirini na sita mwisho, nilimsikia," alisema, akajifunika shuka magotini. "Ishirini na tano inaniuma mifupa."