Siku Tulipochagua Gari Kitale

Mkwe wangu aliniambia, "Baba, kama shida ni dereva tu, mimi niko. Chukua hii nyeusi, nitakuwa nakuendesha." Nami nikajibu, "Sawa." Nilikuwa nimesimama katika yadi ya magari mjini Kitale, nimeshiba mandazi, moyo umefurahi kama wa mkulima aliyeona mvua imekuja kwa wakati. Nilipaswa kukataa. Siku ile huikumbuka mara nyingi kwa sababu ilikuwa siku nzuri sana, na kila nikifika kwenye lile neno "sawa" natamani ningelimeza.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nimestaafu ukarani katika ghala la mahindi Bungoma na kurudi shambani kwetu Tongaren. Mahindi ya msimu ule yalikuwa yameuzwa vizuri, na mimi na mke wangu tulikubaliana kununua gari la milango minne. Hatukutaka pikapu. Tulitaka gari la kwenda kanisani, la kumsalimia mama yake kule Chwele, la kuketi ndani na kuongea. Tatizo lilikuwa macho yangu. Daktari alikuwa amenikataza kushika usukani, kwa hiyo tulijua tangu mwanzo kwamba dereva atakuwa mke wangu.

Kazi hiyo alikuwa anaijua nusu. Miaka yetu ya kwanza Tongaren aliendesha trekta la jirani kwa malipo msimu wa kulima, wanaume wakiacha majembe yao kumtazama. Sasa alikuwa ameshaulizia ada ya shule ya udereva. "Nitakupeleka Bungoma," aliniambia usiku wa kuamkia safari, "tukule samaki kwa meza kama watu, halafu nikurudishe mapema ng'ombe wakamuliwe." Alilala akicheka mwenyewe. Mimi nilimsikia.

Kwa kuwa hatukujua magari, tulimwomba mkwe wetu atusaidie. Alikuwa amemwoa binti yetu mkubwa, alifundisha shule pale Kitale, na alipenda magari kuliko wenye magari. Hapo ndipo kichekesho cha siku ile kilipoanzia. Kwetu, mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mkono, hawali meza moja, na hawaingii gari moja. Siku hizi nasikia wengine wamelegeza. Mke wangu hakuwa mtu wa kulegeza.

Basi yeye alikaa kwenye benchi la mama mmoja muuza chai, nje ya lango la yadi, uso ameugeuza upande. Mkwe alikaa ndani, nyuma ya magari. Na mimi nikawa mjumbe kati yao. Sidhani kuna karani wa posta aliyetembea kama mimi siku ile.

Magari yalikuwa matatu, yote yametoka Japani, yote ya ukubwa mmoja. Sitataja aina zake, maana wenye magari kama hayo bado wako na wanayapenda. Nitayaita kwa rangi: jeupe, la bluu na jeusi.

Jeupe lilikuwa la kawaida kabisa. Vioo vya kuzungusha kwa mkono, viti vya kitambaa, redio ya kaseti, gia za mkono. La bluu lilikuwa jipya kidogo kuliko jeupe, lina kiyoyozi, lakini mlango mmoja wa nyuma ulifunguka kwa kubembelezwa. Jeusi lilikuwa na kila kitu. Vioo vyake vilipanda kwa kidole, viti vilikuwa vya ngozi, mbele pameng'aa kama kabati la harusi, na gia zilijibadilisha zenyewe. Bei yake ilizidi ile ya jeupe kwa thamani ya ng'ombe wawili wazuri wa maziwa.

"Mzee," muuzaji aliniambia, mtu mnene mwenye maneno laini, "hii nyeusi ukiingia nayo kanisani, mahubiri itasimama kidogo."

"Itasimama kwa sababu gani?"

"Mhubiri mwenyewe atataka kujua ni nani amekuja, bana."

Nilicheka, na nadhani alianza kuniuzia pale pale.

Mkwe wangu aliinama chini ya kila gari, akasikiliza injini, akanusa mafuta kwenye kijiti cha kupimia. Kisha akaniita. "Baba, ukitaka thamani ya pesa yako, ni nyeupe. Injini ni ndogo, hainywi mafuta. Spea utapata hata Kamukuywa. Fundi yeyote anaijua. Halafu iko juu, barabara ya Tongaren haitaigusa tumbo. Hii nyeusi ni tamu, lakini iko chini, na kioo cha umeme kikikwama utatafuta fundi mpaka Eldoret."

Nilivuka na kumpelekea mke wangu habari hizo. Akanywa chai yake polepole.

"Mwambie kijana asante," akasema. "Lakini hajaangalia buti."

"Ameangalia."

"Ameangalia na macho. Buti haiangaliwi na macho."

Akaondoka benchini, mkwe akaona na kukimbilia nyuma ya kibanda cha mlinzi. Barabarani alikuwa anapita mwenye mkokoteni na magunia ya mahindi. Mke wangu akamsimamisha, akaongea naye kidogo, na mara nikaona gunia zima linabebwa kuingizwa yadini. Jeupe lilimeza gunia na kubakiza nafasi ya kuku na mkungu wa ndizi. La bluu lilikuwa na buti pana ndani na mdomo mwembamba, gunia likakwama katikati kama mtu mnene dirishani. Walipolipeleka kwenye jeusi, muuzaji alisimama mbele na kutandaza mikono.

"Mama, tafadhali. Hapo ndani kuna zulia."

"Zulia la nini kwa buti?"

"La urembo."

"Sasa mahindi nitaweka wapi, kwa kichwa ya mzee?"

Hata mwenye mkokoteni alilazimika kukaa chini acheke. Gunia liliingizwa juu ya gazeti, muuzaji akilishika mwenyewe kama mtoto mchanga, na kifuniko hakikufunga.

Kisha mke wangu akataka kujaribu usukani. Katika jeusi alizama kwenye kiti mpaka nikamwona kitambaa cha kichwa tu. "Nimeingia kisimani," akasema, "sioni hata boneti." Akatoka. Katika jeupe alivua viatu, akaviweka chini vizuri, akapanda. Alikaa wima, akaona mbele, akaona nyuma. Muuzaji akampa ufunguo huku akimwomba Mungu kwa sauti ndogo.

Gari liliruka mara moja, likazimika. Akaliwasha tena. Likaruka, halafu likatembea. Alizunguka yadi yote, mgongo umenyooka, mikono miwili juu, akizungusha usukani kama anageuza trekta mwisho wa shamba. Mkwe wangu alihama kutoka kibandani akaenda nyuma ya gari la bluu, kisha kutoka la bluu akaenda nyuma ya tangi la maji, maana kila alipojificha mama mkwe wake alikuwa anakuja upande huo huo. Wapita njia walisimama langoni. Mke wangu alipiga honi. Sijui kwa nini alipiga honi. Nadhani ni furaha.

Nilipomfikia mkwe alikuwa anahema. "Baba, mwambie mama klachi haitaki kukanyagwa kama ya trekta."

Nikapeleka neno. Mke wangu akafuta jasho, macho yanang'aa, na akasema kwa sauti ambayo ilifika hadi kwenye tangi bila msaada wangu: "Mwambie kijana, trekta ndio imesomesha bibi yake."

Kijana alicheka hadi akashika tangi. Tulikuwa watu wanne katika yadi ile, pamoja na muuzaji, na sote tulicheka kitu kimoja, wawili kati yetu wakiwa wamepeana migongo. Katika maisha yangu nimehudhuria harusi nyingi ambazo hazikuwa na furaha kama hiyo.

Mke wangu akarudi kwenye benchi lake. Alijua gari limeshapatikana. Mimi pia nilijua. Nilienda ofisini kulipia gari jeupe, na njiani nikapita kando ya jeusi.

Nimejiuliza sana nilikuwa natafuta nini. Miaka yote ghalani nilikuwa nimeandika mizigo ya watu wengine na kufungulia lango magari ya watu wengine. Niliingiza mkono dirishani nikagusa kiti. Nikabonyeza kile kidude na kioo kikapanda chenyewe, kimya. Nikajiona ninashuka mbele ya wenzangu wa zamani Bungoma. Mkwe wangu alikuwa amesimama kando, na aliona uso wangu. Alikuwa mtu mwema, hakutaka kuninyima.

"Umeipenda," akasema.

"Lakini mama yenu hawezi kuiendesha. Na njia ya kwetu itaivunja."

Hapo ndipo aliposema maneno niliyoanza nayo. Italala kwake Kitale penye lami, aliongeza, na siku nikitaka safari atanijia. Nikasema sawa. Nikalipa. Muuzaji akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Jeusi lilitolewa hadi langoni, mkwe akiwa kwenye usukani na mimi nyuma kama waziri. Likasimama karibu na benchi la chai. Nikafungua mlango wa upande wa pili na kusema, "Mama, ingia twende."

Mke wangu alitazama gari. Alimtazama dereva kwa sekunde moja, akageuza uso. Mkwe naye akatazama usukani. Na mimi, niliyebeba maneno yao tangu asubuhi kwa sababu ya mwiko huo huo, ndipo nilipoelewa nilichonunua.

"Ni nyeusi," akasema.

"Ilikuwa na..." nilianza.

"Ni nzuri. Ni gari ya wanaume wawili." Alisema bila hasira, hata alitabasamu. "Nyinyi tangulieni. Mimi nitapanda gari ya abiria."

Ningeweza kushuka. Muuzaji alikuwa bado hajazihesabu pesa zote, na jeupe lilikuwa pale pale, viti bado vina joto lake. Niliona aibu kubadili neno mbele ya mkwe. Nikafunga mlango.

Tulikwama matopeni kabla ya kufika nyumbani. Nilipoingia kwangu kwa miguu, suruali imejaa tope, mke wangu alikuwa ameshakunywa chai. Alinicheka hadi machozi yakamtoka, na mimi pia nikacheka.

Sitasema gari lile halikunipa raha. Lilinipa. Kanisani watu waligeuka. Bungoma wenzangu wa zamani waliniita mheshimiwa, nami nikawanunulia soda. Mkwe alinijia kila nilipomwita na hakuwahi kulalamika. Mimi na yeye tulikula samaki Bungoma, tukazunguka Kamukuywa, tukaenda Kitale kutazama mechi za shule. Mke wangu alikwenda kwa mama yake Chwele kwa bodaboda, amekaa upande, kikapu magotini. Mara moja tulikutana barabarani tukiwa tumepasua gurudumu. Bodaboda yake ikapita, akanipungia mkono kama malkia, na dereva wa bodaboda akapiga honi. Tulikuwa na mambo kama hayo ya kucheka, na kwa sababu tulicheka nilidhani hakuna kilichoharibika.

Ada ya shule ya udereva hakuiulizia tena. Mara mbili tatu nilisema tutauza jeusi tutafute gari la kumfaa, akasema, "Ukipenda," nami nikasubiri msimu mzuri. Msimu ulikuja na kupita. Nilikuwa na macho mabovu ya mbali, lakini hilo lilikuwa karibu na sikuliona vilevile. Kabla ya miaka kumi kwisha aliugua kifua, akakaa wodini Bungoma wiki chache, akafariki. Siku nilizokwenda kumwona nilipelekwa kwa gari jeusi, na mkwe wangu alinisubiri nje.

Watu huniuliza kama gari lile lilinitia hasara kwa mafuta na spea. Lilinitia, lakini hiyo nimeisahau. Mke wangu alitaka kuendesha gari na mimi niwe kando yake, na alikuwa anaweza. Nilimnyima hilo kwa neno moja. Tulikuwa na gari miaka yote ile, na hatukusafiri kwa gari letu pamoja hata siku moja.