Mstari Uliosomwa Dunguni

Mwanangu, nimeiona mistari ya vitabu unayoibandika kwenye simu yako. Mizuri. Lakini kuna swali ninalolitafuna tangu usichana wangu: kwa nini mstari mmoja mtu anaupita bila kugeuka, na mwingine unamshika asiende? Jibu lote sijalipata. Ninachokumbuka ni siku moja ya msimu wa kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, kule kijijini kwetu Mbuchi.

Mpunga ulikuwa umeanza kukomaa, na kila mtu yuko juu ya dungu lake, kile kibanda cha miti cha kulindia shamba. Kazi ni kupiga kelele tu, kutwa. Nilipochoka kuimba, nikaanza kusoma kwa sauti kitabu cha hadithi nilichoazima, kimechanika jalada. Ndege hawakujua tofauti. Dungu la jirani lilikuwa la shangazi yangu, Bi Mwajuma, naye akawa msikilizaji wangu, ingawa alijifanya hasikii.

Alikuwa mkali, Mungu amrehemu. Binti yake Rukia aliolewa na kijana wa Kimatumbi kule Ikwiriri, yeye mama hakutaka, akaapa hatatia mguu kwao. Rukia alikwisha kujifungua. Shangazi hakwenda.

Basi nikafika pale ambapo mama wa hadithini, aliyemfukuza mwanawe, kila jioni anapika wali wa watu wawili, kisha anajiambia amekosea kupima. Mimi nilipita mbio, maana mbele kulikuwa na harusi. Nikasikia naitwa:

"We Zaituni! Hebu rudia hapo."

Nikarudia.

"Rudia tena."

Nikasoma polepole, na nilipoinua macho ndege walikuwa wametua kwenye mpunga wake, naye hawafukuzi. Niliogopa kwelikweli, mpunga ule ndio uliokuwa chakula chake cha mwaka mzima.

"Aliyeandika hayo," akaniuliza, "kanijuaje?"

Nikacheka, utoto huo. Yeye hakucheka. Akashuka dunguni, akaniambia, "Niamie na langu," akaelekea kwenye mtumbwi. Nilipigia kelele mashamba mawili hadi sauti ikanikauka, na bado ndege walikula sehemu kubwa ya mpunga wake. Aliporudi baada ya siku kadhaa alikuwa amempakata mjukuu kifuani, Rukia yuko nyuma yake, na shamba hakulitazama hata kidogo.

Kwa hiyo mwanangu, soma sana, na mistari mitamu ipende, sikukatazi. Ila ukikutana na ule unaokuuma, usikimbilie kurasa za mbele, wala usiharakishe kuwaonyesha wenzako. Jiulize umekugusa wapi, na ni nani unayepaswa kumwendea. Kisha nenda, hata kama nyuma yako kuna kitakachoharibika. Mungu akupe sikio la kusikia unaposemwa wewe, na akukutanishe na unaowapenda mngali hai.