Kambare kwa Wakwe wa Nyansiongo

Tulikwenda Kenya kula. Baba alisema tunakwenda kuonana na wazazi wa Ombati, anayetaka kumwoa dada yangu Pendo, lakini aliyewahi kufika ukweni anajua kwamba kinachotazamwa ni jinsi mgeni anavyotafuna. Maandalizi nilijitwika mimi. Hakuna aliyenituma. Kila jioni nilitazama video za mapishi ya Kisii kwenye simu, kisha nikawalazimisha watu wa nyumbani kumeza mgagani, mboga chungu, bila kukunja uso. Mama alikunja. Nikampakulia tena.

Ijumaa alfajiri, Mwanza. Pendo aliagiza tupeleke samaki, sato. Sato kila mtu hupeleka. Nikanunua kambare wakavu, wanene, nikawafunga kikapuni peke yangu ili niwashtukize wote.

Sirare, mpakani, afisa alinusa kikapu akasema, "Wakwe zenu wana bahati." Nikalichukua neno hilo kama cheti.

Baada ya Kisii mjini, barabara ilipanda kati ya migomba, kisha chai, kijani pande zote. Mimi sikuiona vizuri. Nilikuwa nakariri namna ya kumega ugali wa wimbi.

Tulifika Nyansiongo jua likianza kushuka. Mama Ombati alikuwa ameandaa meza: ugali wa wimbi wanaouita obokima, laini na mweusi kama udongo wa mvua, kuku wa kienyeji, maziwa lala yaliyogandia kwenye kibuyu, na chinsaga, mgagani uleule, ila uchungu wake umetulizwa kwa maziwa. Ulikuwa mtamu. Mama alinitazama, akajipakulia tena.

Ndipo nikafungua kikapu. Baba Ombati, mzee wa kanisa la Wasabato, aliinua samaki mmoja, akamgeuza.

"Kijana, hii samaki iko na magamba wapi?"

"Kambare hana magamba, baba," nilijibu haraka, kama mwanafunzi aliyeletewa swali alilolisoma.

"Sisi hatukuli samaki haina magamba. Iko kwa Biblia."

Nilisoma kila sufuria ya Kisii; sikuuliza wenyeji wanasali wapi. Sisi ni Wakatoliki, na Ombati alishatuambia baba yake anaogopa mkwe wa dini nyingine atambadilishia nyumba. Sasa nilikuwa nimemletea ushahidi, tena umekaushwa.

Pendo aliinuka. Alikibeba kikapu hadi kwa jirani Mkatoliki aliyeonyeshwa na Ombati, akarudi, akapangusa meza, akamwambia mzee, "Baba, chakula kinapoa." Jua likazama.

"Sabato imeingia," mzee akasema. "Mambo ya ndoa ni Jumapili."

Jumamosi nzima nililipia dhambi yangu kwa kula. Video zilisema kumaliza sahani ni heshima. Nilimaliza, ikajazwa. Nikamaliza, ikajazwa.

"Ongeza, mwanangu," alisema Mama Ombati. "Kwani huko Mwanza hamkuli?"

Ombati aliniinamia. "Shemeji, bakisha kidogo, ama tutakuzika hapa."

Jumapili asubuhi tuliitwa sebuleni. Mama alishika mkono wa Pendo. Mimi nilishika tumbo.

"Nilikuwa na wasiwasi na huyu msichana," mzee alianza. "Nchi ingine, dini ingine. Lakini hakulia, hakubishana, na hakumuaibisha ndugu yake. Alitoa ile kitu kwa nyumba, tukaendelea kula. Huyo nampokea."

"Huyu kaka yake, siku ya harusi akuje mikono mitupu," Mama Ombati akaongeza. Wote walicheka. Nami nikacheka, nikiwa nimechelewa kidogo.

Wakati wa kuondoka Mama Ombati alimpa Mama mkungu wa ndizi na mfuko wa majani ya chai. Nilishangaa, siku zote hizo sikuona kikombe cha chai nyumbani humo.

"Sisi tunachuma tu, hatunywi, ni mambo ya imani," alisema. "Lakini nyinyi mnakunywa. Nilimuuliza Pendo."

Njia nzima hadi Mwanza sikufungua simu. Mama Ombati alipata jibu kwa swali moja, na wa kuulizwa alikuwa analala chumba kinachopakana na changu.