Papa Kwenye Milima ya Wareno

Mwezi uliopita nilikuwa nimesimama kwenye robot ya Bertrams hapa Johannesburg, ile taa ya barabarani inayochelewa kuwaka kijani, mara waendesha baiskeli sita wakakatiza mbele ya gari langu, wametapakaa matope mpaka masikioni. Walikuwa wanatoka milimani, wanacheka na kupigana makofi mgongoni. Nilishusha kioo. Harufu ya tope bichi na mpira uliopata moto ikaingia, na nakwambia rafiki yangu, sikusikia tena honi za magari ya nyuma. Nilikuwa tena na miaka kumi, nimepanda juu ya jiwe, namtazama baba yangu akishuka mlima.

Mtaa wenyewe ni ule ule. Tulipanga vyumba viwili nyuma ya nyumba yenye mabati mekundu, mimi, mdogo wangu wa kike, Mama na Papa, ndivyo tunavyomwita baba. Mama alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilianza kulia kabla hatujaamka, na sakafuni hapakukosa vipande vya vitenge ambavyo tulivigombania kuwavalisha wanasesere. Papa alikuwa mlinzi kwenye jengo moja la vioo kule Sandton. Tulimjua kwa sare yake ya kahawia na kwa uchovu wake. Alikuja, akala, akavua viatu, akalala amekaa. Hivyo ndivyo baba alivyokuwa kwetu, mtu mwema anayesinzia.

Jirani yetu alikuwa bibi mmoja Mreno, mjane, aliyeishi pale tangu mtaa mzima ukiwa wa Wareno. Urafiki wetu naye uliletwa na samaki. Jumamosi moja Mama aliloweka makayabu, wale samaki wa chumvi tunaowapenda sisi watu wa Lubumbashi, na alipoanza kuwapika na nyanya na vitunguu, bibi akaja kubisha hodi akiwa na aproni yake. Tulidhani amekuja kulalamika kuhusu harufu. Kumbe samaki wale ndio chakula cha kwao! Alikaa jikoni kwetu, akala kwa mkono na bukari, ugali wetu, akamwonyesha Mama kwa ishara kwamba mafuta hayatoshi. Kuanzia siku ile ukuta uliotutenganisha ulibaki na kazi ya kuanikia nguo tu.

Bibi alikuwa na mtoto wa kiume aliyerudi Ureno kuishi kijijini kwa wazee wake. Kazi yake ilikuwa kuwaongoza wageni kwa baiskeli kwenye njia za milimani, na kila Desemba alikuja Johannesburg kumwona mama yake, na baiskeli yake ndani ya boksi kubwa kama jeneza. Mwaka 2016 alitukuta sisi pale, akatuketisha ukumbini na kutuonyesha picha kwenye simu: vijiji vya mawe ya kijivu, mashamba ya mizabibu yaliyopangwa kama ngazi, vijia vyembamba vinavyopotea ndani ya misonobari. Mdogo wangu aliuliza kama watu wa kule wanaishi ndani ya kalenda.

Asubuhi aliendesha kwenye kilima cha mawe upande wa Kensington. Siku moja alirudi ameibeba baiskeli begani, goti linavuja damu. Kulikuwa na mteremko mmoja, alisema, mawe matupu, umemshinda mara tatu. Papa alikuwa mapumzikoni, amekaa mlangoni anakunywa chai. Aliitazama ile baiskeli muda mrefu. Kisha akasema kwa Kiingereza chake cha kazini, "Bosi, naomba nijaribu."

"Papa wa bana!" Mama, aliyemwita hivyo, baba wa watoto, alisimamisha cherehani. "Unataka kuniachia yatima wawili Desemba hii?"

"Kinga ni kinga," Papa akajibu. Ndivyo tunavyoiita baiskeli kwetu.

Tulipanda wote kilimani, hata bibi na fimbo yake. Papa alikuwa na suruali ya sare na kandambili. Mtoto wa bibi akamvua kandambili na kumpa viatu vyake na helmeti. Nikapanda juu ya jiwe nione vizuri. Kule juu Papa alionekana mdogo, na nyuma yake kuna anga tupu. Halafu akaja.

Hakuja kwa kasi. Alikuja kama maji, anainama huku, ananyooka kule, kiti hakigusi, gurudumu linachagua jiwe moja, linaliacha, linachagua jingine. Kwenye lile genge lililomshinda mwenye baiskeli alisimama kabisa, akatulia juu ya magurudumu mawili kama mtu anayefikiri, kisha akadondoka, akatua, akapita mbele yetu meno yote nje. Mdogo wangu alipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Mimi nilimtazama Mama. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, na juu ya mikono macho yake yalikuwa yanacheka.

"Umejifunza wapi?" mtoto wa bibi aliuliza.

"Makala," Papa akasema, akihema.

Pale pale juu ya mawe ndipo tuliposikia kwa mara ya kwanza kwamba baba yetu, kabla hatujazaliwa, alikuwa mbeba makala, yaani makaa. Magunia matatu nyuma ya kinga, kutoka porini hadi Lubumbashi, siku mbili njiani, breki za vipande vya tairi kuukuu. Alieleza kama mtu anayeungama. Yule Mreno alisikiliza kama mtu aliyeokota dhahabu.

Basi, Desemba mbili zilizofuata hatukuwa na Jumamosi nyingine zaidi ya za kilima kile. Bibi alioka mikate midogo ya mayai, Mama alishona suruali za baiskeli zenye viraka vya kitenge magotini, na sisi watoto tulifundishwa kwenye baiskeli kuukuu zilizotoka kwenye gereji ya bibi. Papa alikimbia pembeni yangu akirudia neno moja: "Tazama unakokwenda, usitazame unachoogopa." Nimelitumia kwenye mambo mengi ambayo hayana magurudumu.

Mwisho wa Desemba ya pili, mtoto wa bibi alikuja na ombi. Alikuwa anatafuta njia mpya kwa wageni wanaosafiri na mizigo, mahema na kila kitu, na alitaka mtu anayejua baiskeli iliyobeba. Wiki tatu, mwezi wa tano. Tiketi juu yake. Papa alicheka, kwa sababu tulikuwa wakimbizi, na mkimbizi na safari ya ndege ni vitu viwili visivyokaa meza moja. Lakini alienda kupanga foleni ya hati ya kusafiria, akarudi, akaenda tena, alfajiri baada ya alfajiri, na siku ilipotoka, pamoja na viza ya ubalozi, Mama aliipanguza meza mara mbili kabla ya kuiruhusu hati ikae juu yake.

Kazini ndiko kulikokuwa kugumu. Msimamizi wake alimwambia waziwazi: ukienda, usirudi. Papa alikuja nyumbani na kutangaza kwamba haendi. Hatukula vizuri siku ile. Mama alimaliza kushona mkono wa gauni, akakata uzi kwa meno, akasema, "Nimeishi na wewe miaka kumi na minne, na siku moja tu nimekuona hujachoka. Enda. Mashine yangu itatulisha." Papa alitaka kubishana. Mama akaendelea kushona, na cherehani ile, ukitaka kubishana nayo, inabidi upige kelele.

Akaenda. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo utoto wangu ulipopata moto. Kila jioni, tukiwa mezani na bukari na sombe, mboga ya majani ya muhogo, simu ya Mama ililia na ujumbe wa sauti. Bibi alishaingia na kiti chake. Mama aliweka simu katikati ya meza, ikaegemea bakuli.

"Bana bangu, leo tumefuata mfereji wa maji. Mfereji wa mawe, munasikia? Unazunguka mlima kama mkanda, na njia iko hapa pembeni, upana wa mkono. Kushoto maji, kulia hakuna kitu! Chini kabisa kuna kinu cha kusagia mahindi. Mahindi, Mama! Wanayo, lakini wanaoka mkate, mkate muzito, mweusi juu. Mama mmoja mzee katupatia mkate ule kupitia dirishani, hakutuuliza hata majina."

Siku nyingine alipita kwenye msitu ulioungua, miti yote imesimama myeusi, na chini yake majani mabichi yamechipua yanayong'aa. Siku nyingine ni mbwa wa wachungaji, wakubwa kama ndama, wakamkimbiza mpaka kanisani. Siku nyingine alianguka kwenye kichaka cha miiba, na ujumbe mzima ulikuwa ni kicheko chake na sauti ya mtoto wa bibi akimchomoa. Sisi tulibandika karatasi ya Mama ya kukatia nguo ukutani, na kwa chaki ya fundi tukachora kila njia. Bibi alitusahihisha. "Hapana, mto uko huku," alisema, akashika chaki, akauchora mto wa utotoni mwake. Shuleni mwalimu alituuliza mito mikubwa ya dunia, nikautaja huo. Akanikosoa. Sikujali.

Kisha ukaja ukimya. Siku ya kwanza tulisema ni mtandao. Siku ya pili Mama alishona zipu kichwa chini, akafumua, akaishona kichwa chini tena. Bibi alikuja na rozari, wakasali pamoja, huyu Kireno, huyu Kiswahili, wakafika Amina kwa wakati mmoja. Siku ya tatu, simu ikalia.

"Musiogope. Niko mzima." Mama aliketi sakafuni. Walikuwa kwenye bonde lisilo na mtandao na wageni wanne waliokuja kuijaribu njia, ukungu ukashuka, mgeni mmoja akaanguka na kuvunjika mfupa wa bega. Gari haliwezi kufika kule. Basi Papa akafanya walivyofanya kwenye makaa. Alikata mti, akaufunga kwenye usukani uwe mkono wa kusukumia, akamkalisha yule mzungu nyuma kama gunia, akamfunga kwa mikanda ya mahema, akamsukuma kwa muda wa saa tano mpaka kijijini. "Alikuwa mwepesi kuliko makala," alisema, "lakini makala hayalii." Hapo sote tulilipuka kwa kicheko, Mama akilia na kucheka kwa pamoja, bibi akiuliza amesema nini, amesema nini?

Papa alirudi na ngozi imeungua puani na mkate mmoja mzito ndani ya soksi. Kazi kule Sandton ilikuwa imeshapewa mtu mwingine, kama alivyoambiwa. Bibi alimpa funguo za gereji. Akaanza kutengeneza baiskeli humo, na tangu mwaka ule sijamwona tena akilala amekaa.

Mengi yameondoka. Bibi alichukuliwa na mtoto wake kwenda kuishi Ureno mwaka 2019, akatuachia sufuria lake kubwa, na nyumba yake leo ina vyumba kumi na viwili vya mbao na mlango wa chuma. Papa alihamisha ufundi wake barabara ya pili. Karatasi ya chaki ilifutika yenyewe, ukuta ukabaki na vumbi la buluu. Na simu ya Mama iliporwa na vibaka kule Joubert Park, na milima yote ndani yake.

Jumapili hii nilikula kwao, nikasema kitu ninachokililia zaidi ni zile sauti. Papa akaweka kijiko. "Hata ule ujumbe wa juu kabisa?" akauliza. Hatukuelewa. "Ule wa siku ya mwisho, wa kileleni." Mama akakumbuka: ulikuja ujumbe mmoja wa upepo mtupu, dakika nzima ya kuvuma, akaufuta siku hiyo hiyo ili simu ipate nafasi.

"Ulikuwa upepo?" Papa akasema. Alicheka kidogo, akatutazama mmoja mmoja. "Nilikuwa naita majina yenu."

Kisha mdogo wangu, ambaye siku hizi ni mrefu kuliko mimi, akasukuma sahani mbele na kusema, "Papa, ita sasa." Papa akasimama pale mezani, na shati lake la Jumapili, akavuta pumzi, akaita kwa nguvu zote, mpaka majirani wakafungua madirisha.