Tarumbeta Halioshwi

Mtaani walimwita Parapanda, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa karani wa posta mstaafu, lakini posta ilikuwa ya kumlisha tu. Kilichompa jina ni tarumbeta. Miaka arobaini na moja alilipuliza katika bendi ya harusi, na kwa miaka yote hiyo hakuliosha ndani hata mara moja.

Msiharakishe kumcheka. Siku aliyolinunua jipya, mwalimu wake, sasa marehemu, alimpa amri moja: kwa nje lisugue mpaka uone meno yako, kwa ndani usithubutu, maana sauti hukaa kwenye utandu, na ukiosha umeifukuza. Bendi nzima iliamini hivyo. Mwenzao mmoja aliwahi kuosha la kwake, wiki iliyofuata jino la mbele likang'oka, basi ushahidi ukakamilika.

Kikohozi kilikuja kama mgeni wa siku mbili, kisha kikakataa hata jembe. Jioni za mazoezi homa ilimpanda na kifua kikambana. Ngazi za nyumbani, kumi na nne tu, akawa anazipanda kwa vituo. Makohozi yalipimwa mara tatu, kifua kikuu hakikuonekana. Dawa za pumu nazo hazikufua dafu. Kila daktari alimuuliza kazi yake, naye alijibu bila kupepesa macho, "Karani wa posta, mstaafu." Alijua fika kwamba siku atakayotaja tarumbeta ndiyo siku atakayoambiwa aliache. Heri akohoe nalo kuliko apumue bila yake. Mtu mzima, hovyo!

Mkewe alikuwa kimya, lakini macho anayo. Tarumbeta lilipopata ufa na kukaa kwa fundi wa kuchomelea majuma mawili, Parapanda alilala fofofo na kupanda ngazi huku anaimba. Lilirudi Alhamisi. Alhamisi hiyo hiyo jioni, homa nayo ikarudi. Basi siku ya kwenda kwa daktari bingwa wa mapafu, mkewe alibeba kapu, akasema ni shuka na taulo, huenda mgonjwa akalazwa.

Daktari alikuwa binti wa umri wa kitinda mimba wao. Alimsikiliza mgongoni muda mrefu, akatazama picha ya mapafu, yenye wingu jepesi pande zote mbili.

"Nyumbani mnafuga njiwa, baba? Kuku?"

"Hatufugi."

"Mito ya manyoya? Ukuta unaovuja? Nafaka iliyoota ukungu?"

"Hakuna."

"Na kazi yako?"

"Karani wa posta, msta..."

Kapu likatua mezani. "Muulize na huyu mke mwenzangu," mkewe akasema, akalitoa tarumbeta.

Parapanda alitamani ardhi ipasuke immeze. Daktari alichomoa bomba moja, na ndani yake ukachuruzika utandu mweusi wenye ukijani, unaonuka kama dekio lililosahaulika kwenye ndoo.

"Lilioshwa lini mara ya mwisho?"

"Halioshwi," alijibu, akaeleza amri ya mwalimu wake. Daktari alijikaza, alijikaza sana, kisha kicheko kikamshinda.

Utandu ukapelekwa maabara, na damu yake pia. Majibu yalipotoka, kuvu iliyokuwa kwenye bomba ndiyo ile ile ambayo damu yake ilikuwa ikipigana nayo.

"Ugonjwa wenyewe ni nadra, na jina lake refu," daktari alisema. "Kwa lugha ya nyumbani, mapafu yako yana mzio. Kila ukipuliza na kuvuta pumzi, unavuta na kuvu, yanakasirika na kuvimba. Ukiendelea hivi yatakakamaa, na yakishakakamaa hayarudi."

"Kikulacho ki nguoni mwako," mkewe akasema.

"Changu ki mdomoni," Parapanda akajibu, kisha akamgeukia daktari. "Mwanangu daktari, niambie tu. Naliacha?"

"Miezi mitatu usiliguse, unywe dawa. Nalo lioshwe ndani, kwa brashi na sabuni. Ukirudi mapafu yakiwa safi, utalipuliza hapa hapa. Yakigoma, mtaagana."

Aliyeosha ni mkewe. Parapanda alikaa kibarazani amewapa mgongo, machozi yanamtoka, akimwomba radhi marehemu. Maji ya beseni la kwanza yalikuwa meusi tii. La saba ndilo lililotoka safi.

Baada ya miezi mitatu, wingu kwenye picha lilikuwa limeondoka. Daktari akawatoa hadi ukumbini. "Haya baba, taratibu."

Parapanda alivuta pumzi, kifua kikamkubalia. Hofu yake sasa ilikuwa moja tu, kwamba sauti ilikwenda na yale maji ya beseni. Akapuliza. Sauti ikatoka nyororo, pana, ikajaza ukumbi wote. Wauguzi wakachungulia milangoni. Yeye akalishusha tarumbeta, ameingiwa na wasiwasi.

"Hii siyo sauti yangu," alisema.

Mkewe alikuwa anafuta macho. "Ndiyo yako. Ndiyo uliyokuja nayo kwenye harusi ya dada yangu, nikaacha wageni wote nikakutazama wewe. Ilivyopotea, miaka yote hii, nilidhani ni masikio yangu yanazeeka."