Mlango Mweusi wa Darasa la Sita

Jumatatu tarehe 4 Septemba 2023, saa moja na nusu asubuhi, mwalimu Sidonie Feza aliita majina ya darasa la sita katika shule ya msingi ya serikali ya kijiji chetu, kando ya njia iendayo Lusangi. Waliitika wanafunzi arobaini na saba: wasichana ishirini na sita, wavulana ishirini na mmoja. Nilikuwapo kwa kuwa mimi ni katibu wa komite ya wazazi, nami nilihesabu pamoja naye.

Sidonie alizaliwa Nyangwe katika jamaa ya wavuvi, akasomea ualimu Kasongo kwa masista, akafika kwetu mwaka 2001 nyuma ya baiskeli, sanduku lake mapajani. Hakuwa mtu wa kupendeza. Waliochelewa aliwarudisha nyumbani, na binti yake mwenyewe aliwahi kurudishwa. Lakini alikuwa na ubao ambao shule nyingine za jirani hazikuwa nao. Ulikuwa ni ukuta wenyewe, uliosawazishwa kwa saruji. Kila mwisho wa Agosti alikusanya betri zilizokufa za tochi za wachimba dhahabu, akazivunja, akausaga unga wake mweusi, akauchanganya na majani ya muhogo yaliyotwangwa, akaupaka ukuta mara tatu. Mtoto wa benchi la mwisho aliweza kuona hata alama ya desimali.

Mwezi wa Februari wa mwaka huo wa 2023 ilikuwa imetufikia fomu ya mradi wa teknolojia mashuleni, yenye maswali thelathini na mawili. Direkta Bulaimu, mkuu wa shule, alimpa Sidonie aijaze kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri. Swali la kumi na tisa liliuliza kama shule ina ukuta ulionyooka, laini, usiopungua mita tatu. Sidonie alichukua rula yake ya mita, akapima, akaandika: «Upo. Mita nne. Laini sana.» Nimeisoma fomu hiyo mara tatu. Hakuna swali lililouliza kama ukuta huo una kazi nyingine.

Alhamisi tarehe 12 Oktoba watu wa mradi walifika kwa pikipiki tatu. Mkubwa wao aliitwa Roger, mratibu wa mradi, kijana nadhifu asiyesalimia kabla ya kutoa karatasi zake. Sidonie alipotoka kwa direkta alikuta ukuta umekwisha kupakwa rangi nyeupe nusu nzima.

«Munafanya nini pale?»

«Mama mwalimu, hii ndiyo ekra. Picha zitaonekana hapa.»

«Picha gani? Mashine yake iko wapi?»

«Inakuja. Ile iko awamu ya tatu. Leo tuko awamu ya kwanza.»

«Na watoto wangu, wao wako awamu ya ngapi?»

Wapaka rangi wawili walicheka. Roger hakucheka. Alifunua faili lake, akaweka kidole juu ya karatasi.

«Weye ndiye uliandika laini sana. Angalia. Haiko muandiko wako?»

Sidonie aliutazama mwandiko wake, akaenda kukusanya chaki zake.

Madirisha yalizibwa kwa matofali. Mlango wa chuma ulitiwa na kupakwa rangi nyeusi ya kuzuia kutu. Tablete ishirini na nne, zile kompyuta bapa za mkononi, ziliingizwa ndani katika makartoni mawili, mlango ukafungwa, na Roger akaondoka na ufunguo. Mafunzo ya walimu yalikuwa awamu ya nne. Darasa la tano lilikuwa na watoto sitini na watatu na halikuweza kupokea wengine. Darasa la sita likakaa barazani, mbele ya chumba chake chenyewe, bila ubao, likiwa na mtihani wa taifa mwisho wa mwaka. Kwa majuma mawili Sidonie alifundisha kwa mdomo. Jiometri haifundishwi kwa mdomo. Mwanafunzi wa kwanza kwenda machimboni aliondoka juma la pili, na alisema wazi kwamba kule angalau anaona anachokifanya.

Jumatatu tarehe 30 Oktoba Sidonie aligusa mlango kwa chaki. Chaki ilishika.

Tangu siku hiyo mlango wa mradi ulikuwa ubao wa darasa la sita. Ulikuwa mwembamba, aliandika herufi ndogo, na watoto walisogea kwa safu kunakili, safu moja baada ya nyingine. Mvua ikinyesha kwa upande, somo lilifutika, akaliandika upya.

Jumatano tarehe 17 Aprili 2024 Roger alirudi na wageni sita waliokuja kuzindua chumba. Mlango ulikuwa umejaa hesabu za sehemu.

«Direkta, huyu mama amechafua mali ya mradi!»

«Futa mwenyewe, Bwana Roger,» alisema Sidonie. «Lakini ungojee safu ya mwisho imalize.»

«Ningojee? Wageni wametoka mbali, Kindu!»

«Na hawa wametoka nyumbani bila kula. Victoire, andika, usimwangalie huyu. Hayuko kwenye mtihani.»

Watoto walicheka chini chini. Roger akamgeukia Bulaimu: «Direkta, ufute, ao niandike jina lako pamoja na lake.»

Bulaimu alichukua kitambaa. Alifuta taratibu kutoka juu, hata Victoire akawahi mstari wa chini. Kama ni kwa kusudi, hakuniambia. Wageni waliingia. Jenereta walilokuja nalo liliunguruma, likazimika, likavutwa kamba mara tisa, likakataa. Walipigwa picha mbele ya ukuta mweupe, kila mmoja ameshika tablete isiyowaka. Baada ya dakika ishirini na tano mlango ulifungwa.

Roger alikuwa bado anavaa kofia yake ya pikipiki Sidonie alipoanza kuandika tena hesabu ile ile.

«Nitakuhamisha, mama.»

«Unihamishe. Lakini mtihani ukishapita. Sasa toka mbele ya ubao.»

Barua ya uhamisho ilifika mwezi wa Mei, nayo ilimpeleka shule nyingine kuanzia mwaka mpya. Aliikunja, akaitia ndani ya daftari la mahudhurio, akaendelea na somo.

Hesabu ya siku ya mtihani ni hii. Kati ya wanafunzi arobaini na saba, kumi na mmoja walikuwa machimboni, wasichana wanne walikuwa wameolewa, watatu walikuwa wamehamia Kasongo. Waliobaki na kufanya mtihani ni ishirini na tisa. Waliofaulu ni ishirini na wanne. Chumbani zimebaki tablete ishirini na nne. Mwalimu wa darasa la sita kwa mwaka mpya: hakuna.