Kipande cha Mwisho cha Riwaya ya Kijapani

Mwanangu, kuna Jumamosi moja pale Tunduma ambayo haijanitoka kichwani. Nilikuwa nimerudi kutoka Lusaka na diploma yangu, niliyoisomea kwa kubeba mizigo sokoni, bila msaada wa mjomba wala shangazi. Nikafungua duka la vifaa vya ujenzi, na nyuma yake nikaanzisha kikundi cha wasomaji. Tulisoma riwaya za Kijapani zilizotafsiriwa kwa Kiingereza. Watu walitucheka: malori yamepanga foleni mpakani, ninyi mko na Wajapani. Niliwajibu kwamba mtu aliyefika nilikofika mimi hasomi habari za jirani tu.

Kila riwaya tulikuwa na nakala moja. Kwa hiyo niliikata mgongo, nikaigawa vipande vitatu na kushona kila kimoja kwa uzi wa gunia, ili watu watatu wasome kwa wakati mmoja, kisha wabadilishane. Nilibuni mwenyewe, na mpaka leo sijaona njia bora kuliko hiyo.

Mwezi ule niliwapendekezea wenzangu riwaya ya fundi wa mapipa ya mbao na binti yake. Tumaini, msichana aliyekuwa akiuza simu mjini, alikwenda kijijini kwao Nanyala na kipande cha mwisho, akakisahau mezani. Baba yake, Mzee Nzowa, mkulima wa kahawa, alipata kufanya kazi migodini Zambia, Kiingereza anakisoma. Akasoma jinsi binti wa fundi alivyopanda treni alfajiri bila kumuaga baba yake. Vipande vingine hakuviona.

Jumamosi hiyo akatokea katikati ya kikao. Tulimpa kiti, hakukaa.

"Baba, shikamoo," Tumaini akasema.

"Marahaba. Chukua begi lako. Kazi ya simu imekwisha, unarudi nyumbani." Akanigeukia, akanionyesha kile kipande. "Ndiyo mnayowafundisha? Kutoroka?"

Tumaini akalichukua begi, baba yake akaushika mkanda wake. Mimi nikajiweka sawa. "Mzee wangu, mimi nimesoma Lusaka. Nina diploma. Vitabu hivi vinasomwa dunia nzima."

"Bwana Diploma," Mama Siame akanikatiza. Alikuwa muuza vitenge, mkubwa wetu kwa umri. "Mzee anaulizia mtoto, wewe unamjibu cheti. Kipande cha kwanza si unacho? Msomee."

Nikamsomea, nikikigeuza Kiswahili papo hapo, na hilo si kila mwenye diploma analiweza. Fundi anaona hakuna anayenunua mapipa tena. Anamkatia binti tiketi kwa mkono wake. Kisha anamwomba aondoke bila kuaga, maana akimwona mlangoni na mzigo atamzuia.

Muda wote huo Mzee Nzowa alikuwa ameshika mkanda wa begi la binti yake. Nilipomaliza, lori lilikuwa linarudi nyuma huko nje likipiga mlio, nasi sote tukalisikiliza hilo lori.

"Kumbe alitumwa," akasema.

"Alitumwa, baba."

"Na mimi umewahi kuniona natengeneza mapipa?"

Mama Siame akacheka peke yake. Mzee hakucheka.

"Huyo Mjapani alikosea," akasema. "Mtoto huagwa." Akauachia mkanda, akamwambia binti yake, "Baki salama, mama. Kahawa ikiiva, uje tuichume."

Akaondoka bila kunitazama.

Mwanangu, nimejijenga mwenyewe na sioni haya kulisema. Lakini diploma yangu isingembakiza Tumaini mjini siku ile. Ukimpa mtoto wa mtu kitabu, uwe tayari kumsimulia mzazi wake tangu ukurasa wa kwanza. Akija na hasira, mjibu kwanza kile anachokiogopa, sifa zako zitangoja. Na habari ya mtu ikikufikia kuanzia mwisho, usiitolee hukumu mpaka uujue mwanzo wake.

Mungu akujalie watu wa kukuaga kila uondokapo, na mlango wa kukupokea kila urudipo.